Mtamba Aliyekohoa Baada ya Mazishi

Wiki zilizofuata mazishi ya mume wangu zilikuwa za ukungu. Ulishuka kutoka msituni, upande wa Buyangu, kabla ya jua kutoka, ukajaza bonde letu lote. Nilikaa mlangoni juu ya mkeka nikitazama migomba ikijitokeza na kupotea kama watu wanaopita bila kusalimu. Kwa ukoo wa mume wangu, mjane haingii boma la mtu mwingine wala hashiki jembe au panga mpaka siku ya kunyolewa. Basi nilikaa tu. Mikono yangu haikuwa na kazi, na masikio yakafanya kazi ya mikono.

Ndivyo nilivyokisikia kikohozi.

Kilikuwa kikavu na kifupi, mara mbili au tatu, kisha kimya. Mume wangu alikohoa hivyo miaka yake ya mwisho, akiwa amesimama nje asubuhi, mkono mmoja ukutani, chai ikimngoja ndani. Tangu ujana wake alichemsha maji ya miwa katika kiwanda kidogo cha sukari guru kule Kabras, na moshi wa makapi ya miwa ulikuwa umemkaa kifuani. Niliposikia sauti ile niliinuka nusu ili nimpelekee maji. Kisha nikakumbuka. Sitasema kwamba nilihuzunika wakati huo. Nilichukia kukumbuka. Ile dakika iliyotangulia ilikuwa tamu sana.

Aliyekohoa alikuwa mtamba wetu. Mume wangu alimlea tangu akiwa ndama, katika zizi la mbao alilolijenga mwenyewe nyuma ya jikoni, sakafu ya simenti, na kila jioni alimkatia majani ya nepia. Hakuwahi kumpeleka malishoni hata mara moja. Mama mkwe wangu alikuwa akimcheka. "Wewe unafuga ng'ombe ama bibi arusi?" Naye alijibu, "Mama, huyu akizaa utakuja kuomba maziwa hapa na kikombe mkononi." Sasa mtamba alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mume wangu alikuwa chini ya udongo ambao ulikuwa bado haujashuka.

Tuna watoto wawili, wako shule ya bweni. Maziwa ya mtamba yule ndiyo tuliyopanga yawaweke huko. Hatukuwa na mpango mwingine.

Siku moja kabla ya kuzika, wanaume wa ukoo walileta ng'ombe wao, maana kwetu mzee wa boma haendi kimya kimya. Madume yalikuja na majani yamefungwa kwenye pembe, ngoma za isukuti zikiwa mbele, filimbi, vumbi halafu tope, kwa sababu mvua ilianza katikati. Walizunguka boma wakikimbia. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja na dume lake la kupigana, jeusi, lenye shingo kama gogo, na watu wakapiga vigelegele. Mtamba wetu naye alifunguliwa, kwa sababu ng'ombe wa marehemu ndiye anayetangulia. Nilimwona akikimbia mbele ya madume yote yale, macho yametoka, miguu yake iliyozoea simenti ikiteleza kwenye majani. Nilikuwa nimekaa karibu na jeneza. Yote yalikuwa kama yanatendeka nyuma ya kioo chenye mvuke.

Mbao za zizi zilitolewa siku hiyohiyo zikawa viti vya wageni, na zilizobaki zikawa kuni. Hakuna aliyefanya vibaya. Msiba unahitaji viti na kuni. Madume yalifungwa kando ya kijito, mahali penye majani laini na maji, yakalala huko hadi jamaa wa mbali walipoondoka. Yalipoondoka, mtamba akabaki palepale kwenye kamba, maana zizi halikuwapo, na wa kukata nepia hakuwapo.

Kikohozi kilipoanza, wanawake waliokuwa bado wanakuja kukaa nami walikisikia pia.

"Sikiza hiyo," mmoja alisema. "Hiyo ng'ombe inalilia mwenyewe."

"Inalia kuliko bibi yake," mwingine akajibu, kwa sauti ya chini, lakini haikuwa chini ya kutosha.

Walisema kweli. Mimi sikulia kwa sauti. Kwetu mwanamke hulia akisimama, hutembea akilia, humwita marehemu kwa mambo yake yote. Nilijaribu. Nilifungua mdomo na sauti haikuja. Niliona watu wakinitazama nikafunga mdomo tena.

Shemeji alikuja jioni akasimama akimtazama mtamba akikohoa. "Shemeji, usijali," aliniambia. "Ng'ombe inajua. Wakati mzee wetu alikufa, ng'ombe yake ilikataa kukula. Wacha ilie. Siku ya kunyoa ikifika itanyamaza yenyewe."

"Na isiponyamaza?"

"Itanyamaza. Na usiiguseguse. Mali ya marehemu haiguswi mpaka tukae kikao. Watu wako na midomo, unajua."

Nilijua. Siku ya kunyolewa ndiyo siku ya kikao, wazee hukaa na kusema nini kinabaki kwa nani. Mjane anayeanza kushikashika vitu kabla ya kikao huambiwa alikuwa akingoja mumewe afe.

Lakini sikunyamaza kwa sababu ya midomo ya watu peke yake. Nilikipenda kile kikohozi. Asubuhi, ukungu ukiwa umefunika kila kitu, sikumwona ng'ombe wala kamba. Kulikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe ule mtu anakohoa kama anavyokohoaga. Nilikuwa naweka sufuria ya chai motoni. Nilikuwa namimina vikombe viwili. Nilikunywa kimoja, kingine nikakiacha kipoe, na sikuona ajabu yoyote.

Kisha siku moja ukungu ulitoka mapema, nikamwona mtamba vizuri. Alikuwa amesimama miguu ya mbele imepanuka, shingo imenyooshwa mbele kama anayetaka kufikia kitu, ulimi nje. Mbavu zilienda haraka haraka. Mgongo ulikuwa umejikunja na tumbo lenye mimba lilining'inia kama mzigo wa mtu mwingine. Alikohoa, na magoti yakalegea kidogo. Hapo utamu wote ulinitoka. Niliona kwamba hii sauti niliyokuwa nikiinywea chai ilikuwa ikimmaliza, yeye na ndama wake, na kwamba siku ya kunyoa ilikuwa bado mbali.

Nilimwambia mama mkwe. Yeye ni mzee sana, anatembea na fimbo, na tangu mazishi alikuwa anakuja kila siku kukaa nami mkekani. Hatukuwa tukizungumza. Alikuwa akichambua mboga, mimi nikitazama mikono yake.

"Mama, mtamba anakufa."

Aliendelea kuchambua. "Wanasema inalia."

"Anakufa, mama. Nimeona."

Aliinuka na fimbo yake, akateremka polepole hadi kwenye kijito, nami nyuma yake. Alimtazama mtamba muda mrefu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mbavu zile zilizokuwa zikienda mbio, akakiacha hapo, kama anavyofanyiwa mtoto mwenye homa.

"Kijana wangu alikuwa anapumua hivi," alisema. "Ile wiki ya mwisho."

Shemeji alikuwa ametuona akaja mbio. "Mama, tulisema haiguswi!"

"Nani amegusa?"

"Wewe. Mkono wako uko kwa ng'ombe."

"Mkono wangu ulizaa mwenye ng'ombe. Pigia daktari."

"Mama, watu watasema shemeji amejigawia."

"Waambie ni mimi nimejigawia. Wakuje waninyang'anye hapa na hii fimbo." Akamgeukia. "Unangoja nini? Simu yako inakula mafuta?"

Daktari wa ng'ombe alikuja kesho yake kwa pikipiki, mwanamke wa makamo mwenye gambuti na koti la mvua, anayeishi Shirere, mtaa wa wanafunzi kule mjini. Alimsalimia mama mkwe kwanza, kwa kupiga goti kidogo, kisha mimi, kisha mtamba. Shemeji alimwambia, "Daktari, hii ni msiba, si ugonjwa." Naye akajibu, "Sawa baba. Lakini msiba hauna homa, na huyu ako nayo. Shika hapo kwa pua, kaza, usiogope, haitakuoa."

Shemeji alicheka bila kupenda, akashika.

Daktari alisikiliza kifua kwa mipira yake ya masikioni, upande huu na upande huu. Aliona ninavyotazama akanivalisha mimi. Sikujua ndani ya ng'ombe kuna sauti kubwa namna ile. Moyo ulikuwa ukipiga mbali, kama isukuti ya kijiji kingine. Na juu yake, kila alipovuta pumzi, kulikuwa na mchakacho, kana kwamba mtu anatembea huko ndani juu ya majani makavu bila kufika anakokwenda.

"Nadhani ni minyoo ya mapafu," daktari alisema. "Lakini nataka kuwaona."

Aliomba glasi ya kunywea chai na maji vuguvugu. Alichukua mavi mabichi, akayafunga ndani ya kitambaa chembamba kama anayefunga uvumba, akakining'iniza kwa kijiti juu ya glasi hadi kikazama nusu. "Wacha hapa mezani mpaka kesho. Wakiwa hai watashuka wenyewe. Wanapenda maji."

Glasi ile ilikaa mezani mbele ya kiti cha mume wangu. Jioni nzima niliipita nikiwa nafanya hili na lile. Maji yalikuwa yakibadilika rangi taratibu, yakawa kama chai ya rangi iliyopoa. Sikuona kitu kikishuka. Lakini nilijua kuna vitu vinashuka, na nyumba haikuwa tupu kama jana yake.

Asubuhi daktari alirudi na hadubini ndogo ndani ya kisanduku, akaiweka mlangoni penye mwanga. Alivuta tone kutoka chini kabisa ya glasi. Alitazama, akasema "Eeh," akasogea ili nami nitazame.

Kwanza niliona mwangaza tu. Kisha mwangaza ukajikunja. Kulikuwa na viumbe kama nyuzi fupi, vya kioo, vimejaa punje punje ndani kama mchanga, na vilijikunja na kujinyoosha polepole sana, bila haraka, kama watu waliolala wanaogeuka kitandani. Havikuwa vibaya. Nasema kama nilivyoona. Vilikuwa vizuri, na vilikuwa vikimuua ng'ombe wangu.

"Hawa ni watoto," daktari alisema. "Mama zao wako kwa njia ya pumzi, weupe, warefu kama kidole. Wanataga mle mle. Ng'ombe akikohoa anawaleta watoto juu, anawameza, wanatoka na mavi. Kukiwa na unyevu wanakua, wanapanda majani. Anakula, wanarudi kwa mapafu."

"Wanapanda aje?" mama mkwe aliuliza. "Hawana miguu."

"Kuna uyoga mdogo unaota juu ya mavi, mama. Mwembamba kama unywele. Ukipigwa na jua la asubuhi kichwa chake kinaruka, na mnyoo amekaa juu yake. Anarushwa mpaka kwa majani mbali."

Mama mkwe alimtazama kama anayetaniwa.

"Na walitoka wapi?" shemeji aliuliza. Alikuwa amesimama nje ya mlango, kofia mkononi. "Hii ng'ombe haijawahi kutoka kwa zizi."

Daktari aliuliza mtamba alilishwa wapi tangu msiba, na pale kwenye kijito palikuwa na ng'ombe gani. Tulimwambia kuhusu madume. Akakubali kwa kichwa. "Dume kubwa limeshazoea. Halikohoi, linanenepa, linabeba tu. Huyu mwili wake haujawahi kukutana nao. Alikutana nao wote siku moja."

"Ni dume langu?"

"Linaweza kuwa lako, linaweza kuwa la yeyote. Yalikuwa mengi, si ndiyo?"

Shemeji aliivaa kofia yake, akaivua tena. 

Mimi nilikuwa na swali langu. Lilikuwa limenikaa tangu nisikilize ule mchakacho. Nilimngoja daktari akiwa anafunga kisanduku chake. "Daktari, hawa wanaweza kuingia kwa mtu? Mume wangu alikohoa hivyohivyo. Hospitali walituonyesha picha ya kifua, nyeupe nyeupe, hawakutueleza tukaelewa."

Aliacha kisanduku wazi. "Hapana, mama. Hawa ni wa ng'ombe. Kilichomchukua mzee ni kingine."

"Kingine gani?"

"Sijui. Sikumpima. Nikikwambia jina nitakuwa nadanganya."

Nilitaka sana anidanganye. Ningekuwa na kitu cha kushika, chembamba, cheupe, cha kutazama mlangoni penye mwanga. Lakini aliniangalia usoni hadi nikainamisha macho, na tukaliacha hapo.

Alimdunga mtamba shingoni. Shemeji alishika pua, mama mkwe alishika mkia, ingawa mkia haukuhitaji kushikwa. "Sasa sikilizeni," daktari alisema. "Atakohoa zaidi kabla ya kupona. Wakifia ndani, lazima watoke. Akilala, mkalisheni kwa kifua, asilale ubavu. Na mtoeni hapa chini. Huku hakuna usalama mpaka jua lipakaushe kabisa. Sitawaficha, wengine hawapiti hapo."

Tulimpandisha hadi nyuma ya jikoni, pale zizi lilipokuwa, hatua chache na kupumzika, hatua chache na kupumzika. Na kweli ilikuwa kama alivyosema. Kikohozi kiliongezeka hadi hakikuwa tena cha mume wangu. Kilikuwa cha mnyama, kipana, chenye povu. Alikunja miguu akakaa chini, nasi tukamwegemeza magunia ya makapi pande zote mbili asianguke ubavu. Alikataa majani yaliyoletwa na watu. Ndani ya povu lililoanguka juu ya simenti niliona mmoja wao, mama mtu, kama uzi ulioanguka kutoka kwa fundi cherehani. Nilimwokota kwa kijiti. Hakusogea.

Nilifikiri labda atakula nepia ya mume wangu, ile aliyoipanda juu kwenye mteremko mkavu, aliyoizoea. Panga lilikuwa limeegemea ukuta. Sikulishika. Nilipanda mteremko nikavunja majani kwa mikono, moja moja, na nepia ina makali, viganja vikachanika. Niliporudi mama mkwe alitazama damu, akatazama panga ukutani lilipokuwa, akatikisa kichwa.

"Wewe," alisema. "Ungesema tu nikukatie."

"Wewe na fimbo, mama?"

"Ningekata na fimbo."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika boma lile, na tulicheka vibaya, kama watu wenye kiu wanaokunywa haraka. Mtamba aligeuza kichwa kututazama. Nilimwekea jani moja mdomoni akaliacha lidondoke. Nikamwekea lingine. Alilishika kwa meno bila kulitafuna, likabaki likining'inia. Tulikaa hivyo. Mvua ilikuja ikaenda. Mbega walikuwa wakinguruma mbali msituni, na sikujua tena kama ni asubuhi au alasiri. Nilijua tu kwamba pumzi inaingia, na inatoka, na kwamba ninaingoja ile inayofuata. Mume wangu nilimngojea hivyo. Kwake kulifika mahali nikangoja na haikuja. Kwa mtamba iliendelea kuja. Mahali fulani katikati ya pumzi hizo alianza kutafuna.

Siku zilizofuata kikohozi kilipungua, kikawa cha hapa na pale. Shemeji alikuja na mbao mpya bila kuitwa akalijenga zizi upya, akipigilia misumari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Dume langu nimelidunga pia," aliniambia, akiwa amenipa mgongo. "Wenzangu nimewaambia. Mwingine ameniambia nimerogwa na daktari." Akapiga msumari. "Nikamwambia hata kama."

Nilitoka asubuhi moja nikatazama mavi ya ng'ombe kule chini kabla ya jua kukolea. Ulikuwapo, uyoga ule, msitu mdogo wa nywele za kioo, kila moja na tone na kichwa cheusi, zote zimeinama upande wa mwanga. Nilichuchumaa mpaka jua likafika. Sikuona kitu kikiruka. Nilipotazama tena, vichwa vingi havikuwapo.

Siku ya kunyolewa ilifika. Walininyoa, wakakaa kikao. Mzee mmoja aliuliza nani alimwita daktari kabla ya wakati wake. Mama mkwe aliinua fimbo juu bila kusimama, na mzee akaendelea na mengine. Mtamba walisema abaki pale alipo, kwa mwenye kumlisha.

Daktari alirudi kumsikiliza. Alivaa mipira yake, akahama mahali hadi mahali, akarudia. Alisema minyoo imekwisha, na ndama yuko hai. Kisha akasema mapafu yameachwa na makovu, na hayatakuwa kama zamani. Atazaa, atakamuliwa, lakini mlima utamchosha siku zote. Nilimuuliza ni mbali gani anaweza kwenda. Alisema, "Yeye mwenyewe atakuonyesha."

Kwa hiyo nampandisha kwenye mteremko mkavu mwenyewe, jua likishakausha umande. Huenda kidogo akasimama, kichwa chini, mbavu zikifunguka na kujifunga. Simvuti kamba. Nasimama nami. Kutoka hapo naona paa letu na kaburi, ambalo udongo wake umeanza kushuka. Akiwa tayari hunigusa na bega lake, tunaendelea.